Vaisi ya kuzunguka imefika, sasa flai ya kwanza unaifunga aje?

Vaisi ya kuzunguka (kile chombo cha kushika ndoana ukifunga flai, yaani chambo bandia cha samaki cha manyoya na uzi) ikifika, kitu ya kwanza utafanya ni kuizungusha tu bure, na sikukatazi, mimi yangu niliizungusha karibu nusu saa bila hata ndoana ndani. Shida ilikuja baadaye. Nikaweka ndoana, nikafunga uzi, nikaacha bobini (kile chombo kinachobeba uzi) ikining'inia alafu nikapiga mkono wa vaisi kwa nguvu, bobini ikaruka ikagonga kikombe, chai yote ikaingia kwa manyoya. Anti yangu alikuwa amekaa hapo hapo, na huyu ni mtu amefunga flai miaka mingi kwa kiwanda hapa Nairobi, zile zinatumwa Uingereza na Marekani kwa madazeni. Akaniangalia akauliza, "Sasa hiyo ni vaisi ama ni cherehani?"

Yeye anatumia vaisi ya kawaida isiyozunguka, imechakaa mpaka rangi imeisha, na bado ananiacha mbali sana. Kwa hivyo kama umenunua hii ukidhani utakuwa na spidi, pole. Mimi naipendea kitu ingine, inakuonyesha upande wa ndoana ambao kwa kawaida hauuoni mpaka umalize, na huko ndiko makosa yote ya mtu mgeni hujificha.

Tutafunga Woolly Bugger, nyeusi, kwa ndoana namba 8 yenye shina refu (shina ni ile sehemu iliyonyooka). Ni flai ya kuzama, inafanana na kila kitu na haifanani na chochote, na trauti wa mito yetu ya huku Aberdare na Mlima Kenya (Gura, Thego, Ragati na wenzake) wanaila vizuri, hawa samaki wenyewe si wa huku, waliletwa na wazungu, Gura iliwekewa wa kwanza 1905. Alafu Bugger ni kubwa, makosa yako utayaona bila miwani.

Kwanza vaisi yenyewe. Ikiwa ni ya kubana kwa ukingo wa meza, weka kipande cha kadibodi kati ya chuma na mbao, na uibane mpaka meza itikisike ukiisukuma. Taya za vaisi ziwe usawa wa kifua chako ukikaa, ama chini kidogo. Ukiinua mabega ndio ufikie ndoana, baada ya flai tatu utaanza kutafuta dawa ya mgongo.

Sasa ile sehemu watu wengi huruka, kuweka ndoana katikati. Bana ndoana kwa sehemu ya chini ya mpindo, taya zishike kiasi kidogo tu, usizike ncha yote ndani. Igonge na ukucha wa kidole gumba kwa chini: inafaa ipinde kidogo irudi kama springi. Ikiteleza, legeza, ongeza skrubu ya taya kidogo, bana tena. Alafu simamisha kalamu mezani, ncha yake iguse karibu na shina la ndoana, na uzungushe polepole. Ukiona shina linakaribia kalamu alafu linatoka, linakaribia linatoka, ndoana yako haiko kwa mstari wa katikati. Shusha ama pandisha taya, jaribu tena, mpaka shina lizunguke palepale kama msumari unaozungushwa kati ya vidole. Angalia shina, sio jicho (kile kitundu cha kufungia kamba), kwa sababu ndoana nyingi jicho lake limeinama na litayumba tu hata ukifanya nini. Ukibadilisha saizi ya ndoana unarudia hii kazi yote. Inachosha mwanzoni, baadaye ni sekunde kumi.

Kuna skrubu ingine ya kukaza mzunguko. Legeza mpaka mkono uzunguke laini lakini ukiuachilia usimame hapo ulipo. Wakati unafunga kwa uzi, kaza, ndoana isigeuke ukivuta.

Manyoya: mkia ni marabu. Jina limetoka kwa wale makorongo, lakini siku hizi yanayouzwa ni ya bata mzinga, kwa hivyo usiende kusumbua wale ndege wa pale Nyayo Stadium. Mwili ni shenili nyeusi, ule uzi mnene wenye manyoya-manyoya. Ya kuzungushia ni unyoya wa jogoo, na hapa jogoo wa kienyeji anatosha kabisa, unyoya wake ni laini sana kwa flai ya kuelea lakini kwa Bugger huo ulaini ndio tunataka. Osha na sabuni ya unga, suuza, anika kivulini, weka kwa mfuko uliofungwa kabla wadudu hawajakupata. Utahitaji pia waya mwembamba wa shaba. Ukiwa na mota iliyoungua, waya uko ndani mwake bure.

Anza na uzi nyuma tu ya jicho, rudisha mpaka mahali mpindo unaanzia, mizunguko imelaliana bila mapengo makubwa. Chukua kitita kidogo cha marabu, lowesha vidole na mate (ndio, mate, kila mtu hufanya hivo), pima urefu sawa na shina, funga juu ya ndoana. Hapa ndipo vaisi inaanza kurudisha pesa yako. Geuza nusu mzunguko uangalie chini. Nina uhakika marabu imeteleza ikaenda upande ule mwingine, kwa sababu uzi ukikazwa huburuta kila kitu uelekeo unaozungushia. Legeza mizunguko miwili, rudisha mkia juu, funga tena ukiwa umeubana kwa vidole. Fanya hivo kila ukifunga kitu kipya, geuza, angalia, rudisha.

Funga waya hapo nyuma, uache uning'inie. Funga shenili, lakini kwanza kwaruza ncha yake na kucha mpaka ubaki na uzi wake wa ndani tu, funga huo, la sivyo utapata nundu kwa makalio ya flai. Peleka uzi mbele mpaka karibu na jicho, piga fundo moja la haraka, na sasa weka bobini kwa ile fimbo yenye kishikio iliyo mbele ya vaisi. Mimi niliitupa pembeni nikidhani ni urembo. Kazi yake ni kufanya uzi utoke mbele ukiwa kwa mstari mmoja na shina, ndoana ikizunguka uzi unajisokota tu haufunguki wala haurushi bobini kwa kikombe cha mtu.

Shika shenili kwa mkono wa kulia, zungusha kwa wa kushoto. Uelekeo: juu ya ndoana kuje upande wako. Inachanganya kidogo, kwa sababu ukifunga kwa mkono unapitisha kitu juu ukikisukuma mbali na wewe, lakini hapa kinachotembea ni ndoana, sio shenili, kwa hivyo lazima igeuke kinyume ndio matokeo yawe yale yale. Kama huniamini jaribu na kipande cha uzi wa kushonea. Zungusha polepole, mkono wa kulia unasogea taratibu kwenda mbele, shenili inajipanga yenyewe kama kamba kwa gurudumu la kisima. Simama milimita tatu kabla ya jicho. Tatu, sio moja! Toa bobini, funga shenili na uzi, kata.

Unyoya wa jogoo unafungwa hapo mbele, upande wa shina lake, bobini inarudi kwa ile fimbo, alafu unyoya unazungushwa kurudi nyuma, mara tano ama sita, kwa uelekeo ule ule. Ukifika kwa mkia, shika ncha na kibanio cha manyoya ukiache kining'inie kwa uzito wake. Mizunguko miwili ya kwanza ya waya ya kukanyaga ncha ya unyoya ifanye kwa mkono, ukijaribu kwa vaisi kibanio kitazunguka nacho na utaanza kutukana. Ikishashika, kata ncha, sasa zungusha vaisi ukipeleka waya mbele. Kwa sababu unyoya ulishuka na waya unapanda, vinakatana kama X, kila mahali waya unakanyaga unyoya, samaki akiuma na meno flai haifumuki. Watengenezaji wengine hufunga unyoya nyuma waupeleke mbele, hapo lazima waya ugeuzwe uelekeo, la sivyo unalala sambamba na unyoya na hausaidii kitu. Waya ukipita, utikise kushoto na kulia kidogo, unyoya unaolaliwa hujitoa.

Funga waya mbele, usiukate na makasi mazuri, uvunje kwa kuuzungusha. Kichwa na uzi, fundo la kumalizia, tone la kuteksi isiyo na rangi, na utoboe jicho na sindano kabla haijakauka.

Mwisho itumbukize kwa glasi ya maji uivute na uzi. Ikilala ubavu, irudishe kwa vaisi, igeuze uone, mkia umekaa upande. Ya kwanza nilimpa anti, akaivuta mkia, akaigeuza mara moja, akanirudishia. "Kichwa kikubwa," akasema, akaendelea na chai yake. Ndio maana nimekwambia milimita tatu.