Unanunua skopu ya kuwindia? Toka nayo nje ya duka kwanza

Wakuu, juu ya nyusi yangu ya kulia kuna kovu, dogo tu, limepinda kama mwezi mchanga. Kila anayeliona anadhani nilipigwa chupa baa. Hapana aisee, hiyo ni skopu, ile darubini ya kulengea inayofungwa juu ya bunduki. Mwaka wangu wa kwanza kufanya kazi na kampuni ya uwindaji nilijichanga nikanunua skopu hapa hapa mjini Arusha, 6-24x50 (namba hizi nazieleza chini), ndefu kama ekzosi ya pikipiki, naona fahari balaa, bosi akaniruhusu niifunge kwenye bunduki yake nzito ya kaliba .375 (kaliba ni upana wa risasi) siku ya kupiga shabaha. Risasi moja tu. Bunduki ikarusha teke, ukingo wa skopu ukanipasua ngeu, damu mpaka kwenye kola. Mzee mmoja mfuata nyayo akanipa leso, akaigeuza geuza ile skopu, akasema, "Mwanangu, hii umenunua ya kuangalizia mwezi."

Tangu siku hiyo nimefunga na kufungua skopu nyingi, za wateja na za mabosi, na kosa ninaloliona kila siku ni lile lile langu. Mtu anaingia dukani, swali la kwanza: "Hii inavuta mara ngapi?" yaani inakuza picha mara ngapi. Hilo liwe swali la mwisho. Anza na mwanga, halafu nafasi ya jicho, halafu kama skopu inabaki pale ulipoiweka. Ukishamaliza hayo matatu ndio uulize habari ya kuvuta.

Ila kabla ya hela kutoka mfukoni jiulize unawinda wapi na unawinda nini. Longido na upande wa Ziwa Natron nchi iko wazi, swala granti anakuona kabla hujamwona, risasi ya mita 200 ni kawaida. Hapo 3-9x40 kwenye bunduki ya kaliba .30-06 inatosha kabisa na chenji inabaki. Sasa shuka pori la Rungwa kwenye misitu ya miombo. Nyati amesimama mita 50 nyuma ya kichaka, unachoona ni sikio na kipande cha mwili, ukiwa umeweka mara 9 kwenye kioo unaona manyoya meusi matupu hujui ni bega ni paja, na yeye huyo ameshakusikia. Huko unataka skopu inayoanzia mara 1 au 1.5, mfano 1-6x24 au 1.5-5x20, ile ambayo unaweka bunduki begani macho yote mawili yakiwa wazi. Na kwa kuwa wanyama hatari hapa kwetu unaanzia kaliba ya .375, skopu yako ijiandae kupigwa mateke ya nguvu.

Namba zenyewe zinasomwa hivi: 3-9 ni kuvuta, kutoka mara tatu mpaka mara tisa, na 40 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa lenzi kwa kuvuta unapata upana wa ule mwanga unaoingia jichoni. 40 kwa 9 ni milimita 4.4 hivi. Ile yangu ya ngeu, 50 kwa 24, ni 2 na kidogo. Mboni ya kijana gizani inafunguka mpaka milimita 6 au 7, ya mtu mzima inapungua, kwa hiyo jioni mimi nilikuwa naletewa mwanga wa kijiko wakati jicho linataka kikombe.

Hii huhitaji hesabu, unaiona kwa macho. Shika skopu mkono ukiwa umenyooka, ielekeze kwenye anga jeupe (sio kwenye jua, tafadhali, utapofuka), utaona kiduara cha mwanga kinaelea kwenye kioo cha nyuma. Zungusha pete ya kuvuta taratibu. Kile kiduara kitanywea, kinaanza kama punje ya hindi, kinakuwa punje ya mtama, mwisho punje ya ulezi. Ukifika kwenye ulezi ujue jioni hutaona kitu, hata wakuambie kioo kimetoka mbinguni.

Na jioni ndio kazi ilipo. Wanyama wanatoka alfajiri na magharibi, mchana wamelala kivulini, kwa hiyo zile dakika 20 za mwisho kabla jua halijazama ndizo unazozilipia. Usiku usiwaze, kuwinda usiku ni marufuku kisheria, kwa hiyo zile skopu za kuona joto gizani zinazosifiwa mitandaoni achana nazo, ni hela ya kutafutia kesi.

Sasa kioo. Uso wa kioo usiopakwa dawa unarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, na ndani ya skopu kuna nyuso nyingi za kioo, kumi na kuendelea, piga hesabu mwenyewe kinachobaki. Ndio maana lenzi zinapakwa tabaka nyembamba sana la kuzuia mng'ao, kitu ambacho Zeiss wa Ujerumani walikivumbua mwaka 1935. Ujanja uko kwenye maandishi ya boksi: kuna wanaopaka uso mmoja tabaka moja halafu wanaandika kwa majivuno kwamba lenzi imepakwa. Unachotaka ni nyuso zote, kila moja tabaka nyingi. Usipoelewa maandishi mpe muuzaji akusomee polepole, na ukiona anarukaruka ujue.

Haya, toka nje. Dukani kuna taa nyeupe kali, chini ya zile taa skopu ya elfu hamsini na ya milioni tano zote zinang'aa. Acha kitambulisho kaunta au mwombe kijana wa duka mtoke wote, skopu tupu mkononi, bila bunduki wakuu, usije ukazua taharuki barabarani. Nenda saa kumi na mbili jioni, sio saa sita mchana. Kama kuna mbili unazishindanisha ziweke kuvuta sawa, zote mara 6 kwa mfano, maana nyingine itaonekana ina mwanga zaidi kumbe umeiacha mara 3.

Cha kwanza tafuta kifodi (daladala) kilichosimama mbali, soma maandishi madogo kwenye kioo cha mbele, sio lile "Ngaramtoni" kubwa, yale madogo ya stika chini yake. Yakisomeka katikati ya skopu, yasogeze pembeni uone kama bado yanasomeka. Za bei rahisi zinasafisha katikati tu, pembeni kunakuwa na ukungu kama chai ya maziwa. Cha pili, elekeza kwenye ukingo wa bati la nyumba likiwa limepigwa na anga. Ukiona mstari wa zambarau au kijani unafuata ule ukingo, kioo ni cha kawaida, sio lazima uiache ila ushushe bei. Cha tatu ndio mtihani wenyewe: tafuta kivuli kizito, chini ya mti mkubwa au ndani ya banda lenye mlango wazi, uangalie kule gizani. Mimi skopu yangu ya sasa niliichagua kwa mbuzi. Kulikuwa na mbuzi weusi wamelala chini ya mti wa jirani na duka, kwa macho naona doa jeusi tu, kwa skopu ya kwanza nikaona mbuzi, kwa ya pili nikaona mmoja anacheua. Nikalipa ya pili. Na mlima Meru ukiwa haujafunikwa na mawingu, angalia ule ukingo wa juu jua linapozama, uone inachukua muda gani kabla mawe hayajawa kitu kimoja cheusi.

Nafasi ya jicho. Hapa nisikilizeni vizuri maana mimi ndiye mwenye kovu. Ni umbali kutoka kioo cha nyuma mpaka jicho lako pale unapoona picha nzima bila kivuli cheusi pembeni. Kwa bunduki nzito unataka sentimita 9 au 10, yaani kiganja chako kizima pamoja na dole gumba. Ile yangu ilikuwa na kama 7, na ukiongeza kuvuta inazidi kupungua, kwa hiyo pima ukiwa kwenye kuvuta kwa mwisho. Halafu uliza kama unaweza kusogeza kichwa kidogo mbele na nyuma picha ikabaki, maana porini hupati muda wa kutafuta mahali pa shavu, nyati hasubiri.

Msalaba wa ndani, ile mistari ya kulengea, usikuumize kichwa. Mistari minene pembeni inayokuja kuwa myembamba katikati, basi. Ile yenye miti miti ya Krismasi ya kukadiria umbali ni ya wapiga shabaha, kwenye kichaka inakuchanganya. Kadoa kekundu kanakowaka katikati kanasaidia kweli kwa mnyama mweusi jioni, ila hakikisha betri ikiisha msalaba bado unaonekana. Na betri zenyewe ziwe za aina inayopatikana mjini.

Kliki. Vile vifundo viwili, cha juu na cha pembeni, kila kliki inahamisha risasi kiasi. Nyingi za Marekani kliki moja ni kama milimita 7 kwa mita 100, nyingi za Ulaya ni sentimita 1, usichanganye utamaliza risasi na risasi ni ghali. Dukani zungusha usikilize, kila kliki iwe na mlio wake na isite, isiteleze kama kifuniko cha asali. Uwanja wa shabaha ndio unasema ukweli: piga, panda kliki 20, piga, nenda kulia 20, piga, shuka 20, rudi kushoto 20, piga. Risasi ya mwisho ikae kwenye tundu la kwanza au jirani yake. Yangu ile ilirudi kama mlevi, kila siku nyumba tofauti.

Pete za kufungia watu wanazidharau sana. Mtu ananunua skopu ya mamilioni anaifunga kwa pete za buku tano, halafu anaipakia kwenye Kruza kilomita mia tatu za rafu rodi. Nunua za chuma, ziendane na bomba la skopu, kuna bomba la milimita 25.4 na la 30, pete ya moja haishiki lingine. Ukishakaza skrubu zote kwa nguvu sawa, chukua rangi ya kucha uchore kamstari kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye pete. Mstari ukikatika ujue skrubu imezunguka, rudi ukapige shabaha upya kabla hujamjeruhi mnyama wa watu. Mimi natumia nyekundu ya mke wangu na ameshagundua.

Za mkononi zipo, wateja wakimaliza safari wengine wanauza au wanaacha, na hapo unaweza kupata kitu kizuri kweli. Kampuni za Leupold na Vortex wanairekebisha skopu yao ikiharibika hata kama wewe sio mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo ya mkononi ya kampuni hizo naiamini kuliko mpya isiyo na jina. Ila feki zimejaa, chukua namba ya skopu uwaandikie watengenezaji wenyewe kabla ya kulipa. Kuagiza Marekani ni shughuli, kule skopu za bunduki ni bidhaa inayodhibitiwa ikitoka nchini, maduka mengi yanakataa tu. Na kabla ya kuagiza popote pita polisi kwenye dawati la silaha uulize, ukiwa na leseni yako mkononi, usije ukakutana na maswali mzigo ukiwa umeshafika.

Ya mkononi iangalie ndani kwa tochi upande wa mbele, ukiona ukungu au vidoa kati ya vioo achana nayo, ile gesi kavu inayojazwa ndani kuzuia ukungu imeshatoka na unyevu umeingia. Ukungu wa nje asubuhi ya baridi huo wa kawaida, unaondoka.

Vumbi la Longido usilifute na shati. Lile ni mchanga, unapiga msasa kioo chako mwenyewe. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, piga brashi laini, kitambaa mwisho kabisa. Kufunika, kata kipande cha tyubu ya gari, kivute juu ya skopu mbele na nyuma, bei yake ni salamu tu kwa fundi pancha. Kinachomoka kwa mkono mmoja na hakina mlio.