Kufunga kipaa cha mlango kwenye nyumba ya mbao

Huku Elburgon nyumba za mbao ni nyingi, na kila mtu anataka kipaa juu ya mlango ili mvua isimpige akitafuta ufunguo. Ni kazi ya nusu siku. Lakini mwaka juzi niliitwa na mama mmoja mwenye duka, asubuhi baada ya upepo mkali. Kipaa kilikuwa kimelala barabarani, na mbao tatu za ukuta zimeng'oka nacho. Misumari ya inchi nne, bado imenyooka, inang'aa.

"Fundi, si hii ni mirefu?" akaniuliza.

Ilikuwa mirefu kweli. Ila ilipita kwenye ubao wa ukuta, ambao haufiki hata inchi moja, ikatokea hewani. Hakuna hata mmoja uliogusa nguzo ya ndani ya ukuta.

Watu huogopa uzito, na mabati mawili matatu si uzito wa kutisha. Kinachong'oa kipaa ni upepo unaoingia chini yake na kukiinua. Msumari ukivutwa hivyo hurudi njia ile ile ulioingilia. Kwa hiyo nunua skrubu nene za kukazwa kwa spana, za milimita 10, pamoja na washa pana, yaani vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu.

Kabla ya kutoboa, zima swichi kubwa ya stima, maana waya za taa hupita karibu na mlango. Kisha tafuta nguzo. Kama ukuta wa ndani haujafunikwa, utaziona. Ukiwa umefunikwa, angalia nje: vichwa vya misumari vilivyojipanga wima vinafuata nguzo. Hakikisha kwa tundu dogo mahali ambapo ubao wa kubeba kipaa, ule utakaofungwa ukutani kwa skrubu hizo, utalifunika. Unga wa mbao ukiendelea kutoka, umeipata. Drili ikichomoka mbele ghafla, umeikosa.

Nguzo ya 4 kwa 2 inakuonyesha inchi mbili tu upande wa nje. Toboa katikati kabisa, kwa drili ya milimita 6 au 7, la sivyo mbao itapasuka. Skrubu izame angalau milimita 60 ndani ya nguzo yenyewe, bila kuhesabu ubao wala ukuta. Kaza mpaka washa ianze kubonyea kwenye mbao, uache hapo. Ikizunguka bure, usiweke njiti ya kiberiti, toboa pengine. Pasipo na nguzo unapoihitaji, ongeza kipande cha 4 kwa 2 ndani, kati ya nguzo mbili, ukifunge ncha zote.

Juu ya ubao weka bati lililokunjwa, ukingo wake wa juu uingie chini ya ubao wa ukuta. Silikoni peke yake hubanduka kwenye mbao baada ya muda, maji yakapenya, na ubao ukaanza kuoza mahali usipopaona.

Kipaa kikitokeza zaidi ya futi tatu, mimi hukiwekea nguzo mbili mbele, zilizofungwa kwa boliti kwenye zege. Na ngazi ishikwe na mtu, hasa udongo ukiwa umelowa.

Mbao za saiprasi mara nyingi tunauziwa zikiwa bado mbichi, na zikikauka husinyaa. Kwa yule mama nilirudi Februari na spana. Kila skrubu ilikubali karibu robo mzunguko.