Ukishapasuliwa ngiri: jinsi ya kukifuatilia kinena chako miaka inayofuata

Nyuzi zikitolewa na kovu likikauka, wengi huhesabu kwamba ngiri imekwisha. Ukweli wa upasuaji huu hujulikana baadaye: mwaka wa pili, wa tano, mara nyingine wa ishirini. Maelezo haya ni ya mtu mzima aliyepasuliwa ngiri ya kinena. Mtoto ana habari yake: yeye hufungwa kifuko cha ngiri tu, bila wavu (kitambaa cha matundu cha kuziba udhaifu), na kwake ngiri hurudi kwa nadra.

Kwanza, karatasi

Usitoke wodini bila kuandikiwa mambo haya: ngiri ilikuwa upande gani na ya aina gani, ulipasuliwa kwa mbele au kwa matundu madogo (njia inayopita nyuma ya udhaifu), na kama uliwekewa wavu au ulishonwa nyuzi tupu. Kama ni wavu, uliza ukubwa wake na umetengenezwa na nini. Piga picha ya karatasi hiyo, maana faili hupotea. Siku ngiri ikirudi, daktari hupendelea kupita njia ambayo haijaguswa: aliyepasuliwa kwa mbele hurekebishwa kwa nyuma, na kinyume chake. Asiyejua kilichofanyika huingia kwenye makovu yaliyofunika neva na mishipa ya damu ya korodani, na hapo ndipo korodani huweza kukosa damu na kusinyaa.

Nyuzi tupu huvuta nyama mbili zilizoachana ili zikutane. Nyama inayovutwa hukatwa na uzi polepole, kwa hiyo ushonaji wa zamani wa daktari Bassini, ulioanza Italia miaka ya 1880, ulishindwa kwa takriban mtu 1 kati ya 10, na kwingine zaidi. Wavu hauvuti kitu; hulazwa juu ya udhaifu, nyama ikaota kupitia matundu yake. Kwa wavu uliowekwa vizuri, ngiri hurudi kwa watu 1 hadi 4 kati ya 100. Wapo wanaoshona nyuzi kwa njia ya Shouldice, iliyoanzia Toronto, Kanada, na kupata matokeo yanayokaribia hayo, lakini ni wale wanaoifanya kila siku.

Bei ya wavu isikutie shaka. Mashariki mwa Uganda wanaume 302 waligawanywa kwa kura, wengine wakapata wavu wa dukani na wengine wavu wa bei ndogo uliokatwa kwenye kitambaa cha chandarua. Matokeo yalichapishwa 2016: baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu wa kundi la wavu wa bei ndogo, na kwa kundi jingine hakuna. (Kitambaa hicho kilisafishwa kwa mvuke kabla ya kutumika. Si chandarua chenye dawa kinachotundikwa kitandani.)

Miezi mitatu ya mwanzo

Tembea siku ileile. Hospitali nyingi husema usibebe mzigo mzito kwa wiki 6. Miongozo ya kimataifa ni milegevu zaidi kwa aliyewekewa wavu: rudia shughuli zako kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kwa kazi za nyumbani tunakubaliana nayo. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, tungeshika wiki 6. Gari endesha pale unapoweza kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita.

Uvimbe unaotokea siku chache baada ya upasuaji, palepale ilipokuwa ngiri, huwatisha watu. Ukilala haupotei, ukikohoa hausukumi: hayo ni majimaji au damu iliyovilia, na mwili huyanyonya ndani ya wiki 6 hadi 8. Usikimbilie kutobolewa sindano, kwa sababu sindano inaweza kupeleka vijidudu hadi kwenye wavu. Ganzi chini ya kovu pia ni kawaida. Kwa baadhi haiondoki kabisa, na si dalili kwamba kazi imeharibika.

Maumivu yasiyoondoka

Hili ndilo tatizo kubwa la leo, kuliko hata ngiri kurudi. Mtu mzima 1 kati ya 10 hivi hubaki na maumivu ya kusumbua baada ya miezi 3. Wachache kati yao hushindwa kufanya kazi. Walio hatarini zaidi ni vijana, wanawake, na waliokuwa na maumivu makali kabla ya kupasuliwa.

Usimwambie daktari “panauma” tu. Kila wiki andika alama kuanzia 0 hadi 10 na kinachoamsha maumivu: kukaa, kupanda ngazi, kuinama, tendo la ndoa. Kisha eleza yakoje. Yanayochoma au kupiga kama shoti ya umeme kuelekea korodani au paja huelekeza kwenye neva iliyonaswa. Mvuto mzito wa ndani huelekeza kwenye wavu na kovu lake. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, juu ya mfupa wa kinena, mara nyingi ni uzi ulioshika utando wa mfupa. Sindano ya ganzi mahali hapo hutuliza na pia huonyesha chanzo. Kupasuliwa tena ili kukata neva kusiharakishwe. Subiri angalau miezi 6, na afanye mzoefu.

Kujipima

Mara moja kwa mwezi mwaka wa kwanza, kisha kila miezi 6. Simama penye mwanga, vua nguo, tazama kinena cha kulia na cha kushoto. Laza vidole vitatu juu ya kovu, kohoa mara mbili. Kitu kikigonga vidole na kurudi ndani, hasa kikipotea ukilala, ni ngiri mpaka daktari aseme vinginevyo. Kagua sana ncha ya ndani ya kovu, karibu na mfupa: wavu usipoupita mfupa kwa sentimita 2 hivi, hapo ndipo hufunguka. Mwanamke aguse pia chini ya mkunjo wa paja, penye ngiri ya paja iliyo rahisi kubanwa.

Uvimbe ndani ya pumbu ambao vidole vinaupita kwa juu, na tochi ikimulika unang'aa, kwa kawaida ni busha.

Kikohozi kisichoisha, sigara, choo kigumu, na mkojo wa kukamua kwa sababu ya tezi dume: vitibiwe. Vyote huongeza shinikizo au kudhoofisha nyama.

Uvimbe ukiwa mgumu, unauma na haurudi ndani, pamoja na kutapika au tumbo kujaa, usiusukume na usile. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Utumbo uliobanwa hufa ndani ya saa chache. Kitundu kinachotoa usaha kwenye kovu, kikiziba na kufunguka tena, hata baada ya miaka, ni wavu ulioingiwa na vijidudu, na mara nyingi dawa peke yake hazitoshi.

Kama yako ilikuwa ngiri ya kovu la tumboni, yaani iliyotokea penye kovu la upasuaji wa zamani, usitumie takwimu zilizotajwa hapo juu. Katika utafiti wa Uholanzi, baada ya miaka 10, ilirudi kwa watu 63 kati ya 100 walioshonwa nyuzi tupu na 32 kati ya 100 waliowekewa wavu. Ukiambiwa utashonwa nyuzi tupu hapo, uliza sababu kabla ya kutia saini.