Kabla ya kwenda kusomea ualimu Uingereza, uliza wenzako wa nyumba wanalala saa ngapi

Mara kwa mara hunipigia simu kijana wa nyumbani aliyepata nafasi ya kusomea PGCE, yaani kozi ya ualimu, Uingereza. Ana furaha, ana hofu. Ataniuliza ada, viza na baridi. Nikishamjibu namgeuzia swali: utakaa na nani, na hao watu wanalala saa ngapi? Hapo simu hunyamaza. Hata mimi nilipokuwa nafunga begi Tanga sikuliwaza hilo.

Nilisomea ualimu wa hisabati Leeds. Watoto wa Year 9, wa miaka kumi na tatu na kumi na minne, walinitoa jasho kweli, lakini kilichokaribia kuniangusha ni jiko lililokuwa chini ya chumba changu, ambamo wenzangu walianza kukaanga vitunguu saa sita usiku. Ndiyo maana naanzia nyumbani.

Elewa kwanza mwaka huu ukoje. PGCE ni kozi ya mwaka mmoja kwa mtu ambaye tayari ana shahada, kwa kawaida kuanzia Septemba hadi Juni. Ndani yake unatakiwa kukaa shuleni si chini ya siku 120, tena katika shule zisizopungua mbili. Aliyesoma ualimu kwetu anaijua field, yaani mazoezi ya kufundisha: wiki kadhaa, mkufunzi anakuja kukukagua mara mbili tatu, unarudi chuoni. Huku field ndiyo kozi yenyewe. Kitambulisho kinasema wewe ni mwanafunzi, ila saa unazoishi ni za mfanyakazi.

Yangu ilikuwa hivi: kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi la kwanza saa kumi na mbili na dakika arobaini, basi la pili mjini, shuleni kabla ya saa mbili. Narudi saa kumi na moja jioni, nakula, naandika andalio la somo la kesho, nasahihisha madaftari, nalala saa nne. Tulikuwa wanne katika nyumba ile. Wawili walisoma shahada za uzamili zenye vipindi vichache kwa wiki, na mmoja alikuwa akimalizia tasnifu yake. Walikuwa watu wema. Siku yao ilianza tu pale yangu ilipokuwa inaisha.

Niliumia kimya wiki tano, kwa sababu kwetu mgeni haanzi kulalamikia kelele za wenyeji. Huku kila mmoja wetu alikuwa mgeni, na hakuna aliyejua kwamba silali. Siku niliyosinzia kwenye kikao na mwalimu mlezi wangu ndipo nilipowaita wenzangu mezani. Niliwaonyesha ratiba yangu, nikaeleza kwamba kila nikifundisha kuna mtu nyuma ya darasa anaandika tathmini yangu. Walishtuka. Tukakubaliana kwa dakika ishirini: baada ya saa nne na nusu usiku mlango wa jiko unafungwa na muziki unahamia masikioni, bafu ni langu saa kumi na moja na nusu hadi saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, nami sipigi simu za Tanga kwa sauti Jumapili asubuhi wakati wao wamelala. Tuliandika karatasi, tukaibandika kwenye friji. Wewe kikao hicho kiitishe wiki ya kwanza, kabla hujakasirika.

Kama bado hujapanga, una nafasi nzuri kuliko niliyokuwa nayo. Andikia idara utakayosoma, omba wakuunganishe na wenzako wa PGCE wanaotafuta nyumba. Nyumba ya walimu wanafunzi pekee hulala kwa wakati mmoja na huamka kwa wakati mmoja. Kwa Leeds, Hyde Park na Headingley ndiyo mitaa ya wanafunzi, nyumba ni nyingi na usiku una makelele. Jambo la pili ni usafiri. Unapopanga nyumba mara nyingi hujui utapelekwa shule gani. Chuo kiko Leeds lakini shule yako inaweza kuwa Bradford au Wakefield, miji ya jirani. Tafuta nyumba iliyo karibu na njia kubwa ya mabasi au stesheni ya treni, hata kama chuo kitakuwa mbali kidogo. Chuo utakwenda siku chache, shule utakwenda kila siku.

Halafu kuna mkataba. Wenye nyumba wengi hutaka mdhamini anayeishi Uingereza, kwa hiyo ulizia jambo hilo mapema. Mkiweka saini mkataba mmoja wa pamoja, jua kwamba mwenzenu asipolipa kodi ya pango mwenye nyumba ana haki ya kuidai kwenu mliobaki. Mkataba wa chumba kimoja kimoja ni salama zaidi kwa mtu asiyewafahamu wenzake, nami ndio ninaoupendekeza. Dipoziti kwa England haitakiwi kuzidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida, na mwenye nyumba analazimika kuiweka kwenye mpango wa ulinzi unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Asipokupa maelezo ya mpango huo, mdai kwa maandishi. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila doa la zulia, na namba za mita ya umeme na ya gesi. Jitumie picha hizo kwa barua pepe ili zibaki na tarehe.

Nikae kidogo kwenye kodi ya halmashauri, ambayo wenyeji huiita Council Tax, maana hii iligonganisha nyumba yetu. Nyumba ambayo wakazi wake wote ni wanafunzi wa muda wote haitozwi. Lakini Februari yule mwenzetu wa tasnifu alimaliza masomo, akapata kazi, akabaki palepale chumbani kwake. Ikaja bili. Tulikuwa tumeshaanza kuigawa kwa nne tulipokwenda kuuliza kwenye ofisi ya ushauri ya umoja wa wanafunzi. Tukaelezwa kwamba anapokuwepo mtu mzima mmoja tu asiye mwanafunzi bili hupunguzwa asilimia 25, na kwamba katika mkataba wa pamoja kama wetu anayewajibika kisheria ni huyo mmoja. Tulionea huruma mshahara wake mdogo, tukamchangia kwa hiari, na hiari ile ililinda urafiki. Kwako: peleka halmashauri uthibitisho wa uanafunzi mapema, na mkubaliane tangu mwanzo itakuwaje mmoja akianza kazi. Kumbuka pia kwamba hadhi ya mwanafunzi hukoma siku kozi yako inapoisha rasmi. Ukibaki kwenye nyumba hiyo Julai na Agosti ukisubiri kuanza kazi, wewe ndiye utakuwa huyo mmoja.

Televisheni nitaipitia haraka: kutazama matangazo ya moja kwa moja au BBC iPlayer, huduma ya BBC ya vipindi mtandaoni, kunahitaji leseni, na nyumba yenye mkataba wa pamoja huhitaji moja tu.

Chakula kina mengi. Kipindi cha mchana shuleni ni kifupi, na nusu yake utaimaliza kwa mtoto anayetaka kuelezwa tena hesabu za sehemu. Bila chakula cha kubeba utaishi kwa biskuti. Jumapili nilikuwa napika sufuria kubwa ya maharage, nyingine ya kuku wa mchuzi, na wali. Nagawa kwenye vyombo vidogo, naandika jina na tarehe, nagandisha. Asubuhi natoa kimoja, kwenye chumba cha walimu kuna maikrowevu. Samaki na mboga nilinunua Kirkgate Market katikati ya mji, unga wa ugali kwenye maduka ya Waafrika na Waasia. Dagaa nilizikaanga mchana wa Jumamosi tu, dirisha wazi, baada ya kuwaambia wenzangu. Harufu inayokukumbusha kwa bibi, kwa mwingine ni harufu tu, na mtu aliyeambiwa mapema huwa mvumilivu. Udi niliuacha kabisa baada ya king'ora cha moshi kututoa sote nje na ndala usiku wa Novemba.

Hita nayo hugombanisha watu. Sisi wa pwani tunataka joto usiku kucha, wenzetu wanaangalia bili. Boila nyingi, yaani mitambo ya kupashia nyumba joto, zina saa ya kutegea: sisi tulitega lisaa limoja alfajiri na masaa matatu jioni, na anayesikia baridi nje ya hapo anavaa sweta. Usianike nguo chumbani huku dirisha limefungwa. Ukungu utaota ukutani na utakatwa kwenye dipoziti.

Sasa jambo ambalo sikuambiwa na mtu. Nyumba ya pamoja ina macho mengi, na mwalimu anabeba siri za watoto wa watu. Madaftari yana majina. Kompyuta ina alama, na taarifa za nani ana ugonjwa gani au shida gani nyumbani. Usisahihishe kwenye meza ya jikoni wageni wakiwepo, na ukiinuka kwenda kuchemsha chai funga skrini. Mwenzangu aliwahi kupiga picha keki yake ya kuzaliwa na nyuma yake rundo la madaftari yangu likisomeka vizuri. Aliifuta kabla haijaenda popote, nami tangu siku hiyo kazi ya shule niliifanyia chumbani.

Na kuna siku mtoto atakwambia neno zito. Shuleni utafundishwa la kufanya: usimwahidi kwamba utalificha, msikilize, kisha siku hiyohiyo lifikishe kwa mwalimu anayehusika na ulinzi wa watoto. Hilo nililifanya. Kilichonishinda ni jioni yake. Nimeketi jikoni, wenzangu wanacheka, wananiuliza siku yangu ilikuwaje, na siwezi kusema. Kwetu uchungu tunaugawana, lakini huu si wako wa kugawa. Nilimpigia mwalimu mlezi wangu kesho yake, akanipa nusu saa nzima. Wenzako wa nyumbani waambie tu, "Leo nimechoka, naomba nikae nanyi kimya." Wangu walinimiminia chai wakaendelea kucheza karata kando yangu, na ilinitosha.

Pesa zitabana. Viza ya mwanafunzi kwa kozi ya ngazi hii kwa kawaida inaruhusu kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini ushauri wangu ni usichukue zaidi ya siku moja ya wikendi, na uache kabisa ratiba yako ya vipindi ikijaa. Pia, kaka, dada, nisikilize vizuri: viza hiyo hairuhusu kujiajiri. Tuisheni tuliyoizoea, ya kumfundisha mtoto wa jirani ulipwe mkononi, ni kujiajiri. Kusuka nywele kwa malipo pale sebuleni vilevile, na kuuzia watu maandazi. Nimeombwa tuisheni na Watanzania wenzangu, nikawafundishia watoto wao bure mara moja moja, na pesa nikakataa.

Desemba itakuelemea. Jua la Leeds hutoka saa mbili na robo asubuhi hivi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Utaondoka gizani na kurudi gizani. Nyumbani wako mbele kwa saa tatu majira hayo, hivyo ukifika kutoka shuleni saa kumi na moja, mama anamaliza kula. Piga wakati huo, hata dakika kumi, kabla hujafungua madaftari, maana ukingoja umalize kazi utamkuta amelala. Likizo yako inafuata kalenda ya shule, hivyo kuna wiki ambazo wenzako wote wamekwenda kwao na wewe bado unaamka saa kumi na moja na nusu, nyumba tupu. Kwa wiki hizo tafuta mapema familia ya Waswahili, msikiti au kanisa la karibu, uwe na mahali pa kula Jumapili.

Juni wenzangu walinisaidia kusugua oveni na kung'oa nywele kwenye bomba la bafu. Tulipita na simu chumba kwa chumba, picha za Septemba upande mmoja na ukuta wenyewe upande mwingine. Doa la zulia lilikuwa palepale, dogo vilevile, na dipoziti ilirudi yote.