Kaa mbele kwa Legong, juu kwa Kecak
Ukienda kutazama Legong, dansi ya jadi ya kike, kwenye kasri la Ubud, kisiwani Bali, Indonesia, ambako mara nyingi viti havina namba, wahi nusu saa kabla ukae safu ya mbele, kwa kuwa utamu wa mchezo huu umo machoni na vidoleni: mboni hutupwa pembeni ghafla, sawia na mlio wa ngoma inayoongoza gamelani, yaani kundi la ala za kugongwa, na aliye nyuma huambulia mavazi ya dhahabu tu, ambayo hata kwenye picha yamo. Kwa Kecak, dansi nyingine ya Bali, mbinu hii haifai, maana duara la wanaume wanaoitikia “cak” huonekana vyema kutoka juu, mbali na moshi wa moto wa katikati. Ukitazama dansi hekaluni, wakati wa ibada, usigombee nafasi; vaa saruni na mshipi, ukae pembeni.