Kuchagua Vifaa vya Msalani kwa Mgonjwa Mwenye Udhaifu wa Viungo

Familia nyingi ninazozitembelea Chake Chake na Wete, kisiwani Pemba, katika kazi ya tiba ya viungo hununua kiti au kishikio kwanza, kisha ndipo huniita nitazame kama kinafaa. Naomba utaratibu huo ugeuzwe, kwa sababu kifaa kisicholingana na mwili wa mgonjwa, wala na namna anavyostanji (anavyojisafisha kwa maji baada ya haja), chaweza kuwa sababu ya yeye kuanguka.

Hatua ya kwanza: mtazame

Mwombe aingie msalani akiwa amevaa nguo zake, nawe usimame karibu. Mkono wake ukikimbilia bomba la maji au ukingo wa ndoo, hapo ndipo panapotaka kishikio. Tazama pia mlango: unaofungukia ndani huzuiwa na mwili wa aliyeanguka, na kuugeuza ufungukie nje ni kazi ndogo kwa seremala.

Hatua ya pili: pima kimo cha kiti

Mkalishe akiwa na kandambili anazoingilia msalani, nyayo zote zikigusa sakafu, kisha pima kwa futi ya kupimia (tepu) kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kikalio. Kwa mwenye magoti dhaifu ongeza sentimita 3 hadi 5, lakini visigino visiachane na sakafu, kwani asiyekanyaga vizuri hawezi kujisukuma kuinuka.

Kwa choo cha kuchuchumaa, kama vilivyo vingi huko shamba, seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, mikono miwili, na miguu iliyotanuka kidogo na kuvishwa mpira. Mwambie auache wazi ukingo wa mbele wa tundu, ili mkono wa kustanjia upite bila ya mgonjwa kulazimika kujiinua. Sikubaliani na desturi ya kukata tundu katika kiti cha plastiki cha barazani, kwa sababu kikalio hupoteza uimara wake na miguu huteleza na kuachana kwenye sakafu yenye maji.

Hatua ya tatu: chagua upande wa kishikio

Kwa kuwa mkono wa kushoto ndio wa kustanjia, kishikio kwa kawaida huwekwa kuliani mwa anayekaa. Aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi ana mambo mengine: mkono wake mmoja uliobaki hauwezi kushika na kustanji kwa wakati mmoja, hivyo anahitaji kiti chenye mgongo na mikono kinachomzuia asipinde, pamoja na mpira wa maji wa kufinya uliowekwa kushotoni. Aliyepooza kushoto hulazimika kutumia mkono wa kulia, jambo ambalo wazee wengi huliona zito. Mwanawe au mkewe alizungumze naye kwa upole na faragha kabla fundi hajaitwa.

Bomba la kishikio liwe na unene wa milimita 32 hadi 38, na nafasi ya sentimita 4 hivi kutoka ukutani. Kuta za zamani za mawe na chokaa humeguka pale penye skrubu, kwa hivyo ni bora boliti ipite ukuta mzima na kukazwa kwa bamba upande wa pili, au itumike fremu inayosimama sakafuni. Hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida haraka. Alumini au chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi. Vishikio vinavyojishika ukutani kwa vikombe vya mpira vya kunyonya visitumike kwenye saruji.

Hatua ya nne: sehemu ya kuogea

Weka kiti imara chenye mgongo, na ndoo iwe juu ya stuli ili mgonjwa asiiname kuchota. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, basi ijazwe na mwengine.

Hatua ya tano: jaribu

Mtu mzima mwenye uzito kumzidi mgonjwa avute kishikio na kukalia kiti kwanza, sakafu ikiwa kavu, kisha ikiwa imerowa. Kila mwezi kaza boliti na utazame mpira wa miguu ya kiti, kwani ukilika upande mmoja kiti huanza kuyumba.