Kuunganisha mitandao miwili ya ofisi

Hapa Goma, ofisi mbili za jengo moja zikitaka kutumia printa moja, wengi huchomeka kebo kati ya swichi zao (visanduku vinavyounganisha kompyuta za ofisi moja). Tafadhali msifanye hivyo! Ruta nyingi (vifaa vinavyounganisha mtandao mmoja na mwingine) huja na anwani ileile, 192.168.1.1 au 192.168.0.1; zikikutana, kila moja inagawa anwani na kompyuta zinagombana.

Anza na anwani. Ofisi ya chini ibaki na kundi la anwani la 192.168.1.0, ya juu ihamie kundi la 192.168.2.0. Weka ruta ya tatu katikati: 192.168.1.254 upande huu, 192.168.2.254 upande ule. Ndani yake zima DHCP (kazi ya kugawa anwani) na NAT (kazi ya kuficha anwani za ndani nyuma ya anwani moja).

Hapa ndipo nasisitiza kwa kila fundi kijana: ruta ya kila ofisi ielekezwe njia. Ya chini iambiwe kwamba 192.168.2.0 inafikika kupitia 192.168.1.254, ya juu iambiwe kwamba 192.168.1.0 inafikika kupitia 192.168.2.254. Bila njia ya kurudi, ujumbe utafika lakini jibu halitarudi.

Jaribu kwa ping, amri inayotuma ujumbe mfupi kwa kompyuta nyingine na kusubiri jibu. Ikigoma, kagua kwanza ulinzi wa Windows (firewall), maana mara nyingi huzuia mtandao wa jirani.

Majengo yakiwa mawili, chukua fiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo: kebo ya mtandao ya shaba mwisho wake mita 100, tena hupitisha radi. Na kwa kuwa mitaa yetu mingi imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, usichimbe. Pitisha juu kwenye nguzo.